Maji ya kisima changu ni ya chumvi: naweza kufuga pweza Dodoma?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mfugaji wa sato hapa Ihumwa, Dodoma, nina mabwawa mawili. Mwaka huu nilichimba kisima kirefu, maji yakaja ya chumvi, hata chai hainyweki. Jioni mjini naona jinsi supu ya pweza inavyogombewa, na pweza akifika kutoka pwani bei yake si ya mchezo. Nikawaza: chumvi ninayo, ufugaji naujua. Je, siwezi kufuga pweza? Mbegu nitaipata wapi? Na kama haiwezekani, nifanyeje ili nami nipate riziki kwenye biashara hii?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kufuga, hapana. Usinunue pweza hai, usijenge tanki, usimpe mtu hela ya “mbegu”. Nitakueleza sababu kwa urefu kidogo, kwa kuwa swali lako la mwisho, lile la riziki, jibu lake limo humohumo kwenye maisha ya pweza. Anayemjua mnyama huyu hauziwi mzigo mbovu.

Tuanze na chumvi, maana ndiyo iliyokupa wazo. Maji ya bahari yetu yana chumvi karibu gramu 35 kwa kila lita. Maji ya kisima yakiwa na gramu mbili au tatu tu kwa lita, mtu anayatema. Ulimi wako unasema chumvi, lakini kwa pweza hayo bado ni maji baridi kabisa. Sato anavumilia kwa sababu figo zake na matamvua yake hufanya kazi usiku na mchana kusawazisha chumvi ya mwili. Pweza hana mtambo huo. Mwili wake hufuata maji yaliyomzunguka: chumvi ikipungua nje, maji yanapenya ndani, anavimba, analegea, anakufa. Ndiyo maana hakuna pweza wa ziwa wala wa mto popote duniani, na hata ndugu zake, ngisi na dome, ni wa baharini tu. Kule Rufiji inakomwaga maji na tope lake si pa kumtafuta pweza. Vuka kisiwa cha Mafia uende kwenye miamba ya mashariki na kusini, huko ndiko aliko.

Utasema basi naongeza chumvi. Piga hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 10 lenye kina cha mita moja lina lita 100,000. Kulifikisha kwenye chumvi ya bahari kunahitaji tani tatu na nusu, na haiwezi kuwa chumvi ya mezani peke yake, kwa sababu maji ya bahari yana magnesi, kalsi, potasi na salfeti kwa vipimo vyake maalumu. Usifikirie pia kwenda kuchota Singidani au Kindai pale Singida. Maziwa yale yana chumvi kweli, lakini ni chumvi ya bara yenye magadi, mchanganyiko mwingine kabisa. Kisha kumbuka kiangazi chetu. Kuanzia Mei mpaka Novemba jua na upepo wa Dodoma vinakausha bwawa mbele ya macho yako. Maji yanaondoka, chumvi inabaki, kipimo kinapanda kila wiki. Na siku utakapotaka kubadilisha maji, utayamwaga wapi? Ukiyaachia yaingie kwenye shamba la zabibu la jirani, kesi yake utaikuta kwa mtendaji wa mtaa.

Zabibu zinanikumbusha mrututu, ile dawa ya buluu inayotokana na shaba. Wakulima wengi wa zabibu hunyunyiza dawa za shaba dhidi ya ukungu, na baadhi ya wafugaji wa samaki hutia mrututu bwawani kuua mwani na vimelea. Damu ya pweza yenyewe ni ya buluu kwa sababu hubeba hewa kwa kutumia shaba badala ya chuma kama yetu, na mioyo yake mitatu inahangaika kuisukuma. Lakini shaba iliyoyeyuka majini, hata kidogo sana, humuua. Bomba bovu au ndoo iliyowahi kuchanganyiwa dawa inatosha kumaliza tanki zima.

Haya, tuchukulie maji umeyaweza. Unamfuga nani hasa? Pweza anayejaza vikapu vya wavuvi wetu kutoka Tanga mpaka Mtwara, Unguja, Pemba na Mafia, kwa jina la kitaalamu ni Octopus cyanea, lililotolewa na Mwingereza John Edward Gray mwaka 1849. Anapatikana kuanzia pwani hii ya Afrika Mashariki, kuvuka Bahari ya Hindi, mpaka visiwa vya Hawaii. Tofauti na pweza wengi wanaotoka usiku, huyu huwinda mchana, hasa asubuhi na alasiri. Chini ya kila jicho, pale minyiri, yaani mikono yake, inapoanzia, ana doa jeusi la duara linalofanana na jicho la bandia. Wakubwa kabisa wamewahi kufika kilo 12, lakini sokoni mara nyingi utakutana na wa kilo moja mpaka tatu.

Anatembea mchana kweupe katikati ya chewa na mikunga, naye hana gamba wala mwiba, kwa hiyo silaha yake ni ngozi. Ina vifuko vidogo vya rangi vinavyofunguka na kufunga kwa misuli, hivyo anaweza kugeuka jiwe, mchanga au majani ya bahari kwa muda mfupi kuliko unaotumia kukohoa. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba macho yake yana aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga, yaani kwa kadiri tunavyoelewa hatofautishi rangi kama sisi, na bado analinganisha rangi za mwamba vizuri kuliko fundi rangi. Wakati mwingine huwinda pamoja na samaki kama chewa na mkundaji: wao wanavizia nje, yeye anatia minyiri kwenye nyufa. Watafiti wamempiga picha katika Bahari ya Shamu akimtwanga samaki anayewinda naye ngumi kwa mnyiri mmoja, wakati mwingine bila sababu ya maana inayoonekana.

Akili hiyo ndiyo balaa la mfugaji. Pweza hana mfupa hata mmoja. Sehemu ngumu pekee ni mdomo wake, kama wa kasuku. Tundu lolote ambalo mdomo unapita, mwili mzima unapita. Atatoka kwenye tanki usiku, asubuhi utamkuta sakafuni amekauka. Tena si mnyama wa kundi. Ukiweka wawili wasiolingana, mkubwa anamla mdogo. Sato 1,000 hukaa bwawa moja kwa amani. Pweza anataka kila mmoja na tundu lake.

Na chakula? Ili aongeze kilo moja ya mwili anahitaji karibu kilo tatu za nyama ya viumbe wa majini, na anayempenda kuliko wote ni kaa. Samaki wa mafuta mengi hawamfai. Kwa hiyo ungekuwa unasafirisha kilo tatu za kaa kutoka pwani kuja Ihumwa ili upate kilo moja ya pweza, ambaye angeweza kuja yeye mwenyewe kwenye barafu kwa nauli ileile. Wenyewe wa pwani husema pweza hujipalia makaa. Wewe ungekuwa umejipalia hata kabla ya kuwasha jiko.

Lakini kizuizi kikubwa kuliko vyote ni mbegu. Pweza huyu huishi karibu mwaka mmoja tu, mwaka na miezi michache akibahatika. Dume hupitisha mbegu zake kwa mnyiri wa tatu wa kulia, ambao umeumbwa kwa kazi hiyo, na muda si mrefu naye humaliza siku zake. Jike huingia tunduni, huziba mlango kwa mawe, kisha hutaga mayai laki kadhaa yaliyoshikana kama vishada darini. Kwa muda wa karibu mwezi hali chochote. Anayapulizia maji, anayasafisha, anafukuza kaa na samaki. Yakishaanguliwa, anakufa. Hakuna mama wa kutunza ili atage tena msimu ujao, kama unavyofanya na sato wako wazazi.

Watoto nao hawakai chini kwenye mwamba. Wakitoka kwenye yai wana urefu wa milimita tatu hivi, wanachukuliwa na mkondo, wanaelea juu juu kwa wiki kadhaa wakila vijidudu hai vya majini, na karibu wote huliwa. Ni wachache mno wanaofika kutua kwenye mwamba na kuanza maisha ya pweza unayemjua. Hatua hiyo ya kuelea ndiyo iliyowashinda watu wenye maabara na mitaji. Mexico, kule Yucatán, wamepiga hatua kwa pweza wao wa kienyeji kwa sababu mayai yake ni makubwa na mtoto hutoka akiwa tayari wa kutambaa chini. Hispania kampuni moja ilitangaza kwamba imeweza kukamilisha mzunguko wa maisha wa pweza wa kwao, na mpango wa kujenga shamba visiwa vya Canary umezua mabishano makubwa kuhusu mateso ya mnyama mwenye akili hivi. Marekani, majimbo ya Washington na California yalipiga marufuku ufugaji wa pweza mwaka 2024 kabla hata haujaanza. Huyu wa kwetu hakuna shamba la biashara linalomlea kutoka yai mpaka sahani. Kwa hiyo atakayekuuzia “vifaranga vya pweza” anakuuzia pweza wadogo waliochokolewa mwambani, na hilo lina sheria yake, nitakuja nalo.

Sasa tuje anakofugwa kweli, maana kwa namna fulani anafugwa, ila shamba lenyewe ni mwamba. Maji yakipwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari yetu hushuka kwa mita tatu mpaka karibu nne. Sehemu kubwa ya pwani hubaki wazi: mawe, matumbawe yaliyovunjika, mabwawa madogo, majani ya bahari. Bamvua letu hupwa zaidi mnamo saa nne asubuhi, na ndipo wanawake wanaposhuka na vijiti au vyuma vyao kuchokoa pweza. Hawatafuti pweza, wanatafuta nyumba yake: magamba ya kaa na makombe yaliyotupwa mlangoni, mawe yaliyopangwa kwa namna ambayo mawimbi hayapangi. Tundu zuri halikai tupu. Ukimtoa pweza leo, baada ya siku chache mwingine huhamia, na ndiyo maana mchokoaji mzoefu huyajua matundu yake na hamwonyeshi kila mtu. Wanaume wengi siku hizi huzamia kwa miwani maji ya ndani zaidi, hawangojei bamvua. Hilo limeleta pweza wengi sokoni, na pia limewafikia pweza wakubwa waliokuwa wakijificha kule kutaga.

Mwamba ukifa, pweza hana pa kukaa. Baruti imevunja sehemu za matumbawe yetu kwa miaka mingi, na joto kali la bahari la mwaka 1998 lilipausha na kuua mengi kutoka Tanga mpaka Mtwara. Hata mchokoaji akivunja jiwe ili amfikie pweza mmoja, amevunja nyumba ya wapangaji wote waliokuwa wafuate.

Upande wa neema ni kwamba pweza hukua kwa kasi ya ajabu. Akiwa mdogo anaweza kuongeza uzito wake maradufu ndani ya wiki chache. Wanakijiji wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walijaribu mwaka 2004 kufunga kipande cha mwamba kwa miezi kadhaa, na walipofungua wakakuta pweza wakubwa. Wazo likavuka bahari. Kisiwa Panza kule Pemba na Songosongo wilayani Kilwa ni miongoni mwa sehemu ambako jamii hufunga mwamba kwa muda, kwa kawaida miezi mitatu hivi, kisha hufungua kwa siku iliyopangwa. Mimi ni mshabiki wa utaratibu huu, ila si kipofu. Siku ya ufunguzi watu hufurika mpaka kutoka vijiji jirani, na faida ya miezi mitatu inaweza kuzolewa kwa siku mbili. Pasipo ulinzi, waliotii ndio hupoteza na wezi wa usiku ndio huvuna. Kijiji kilichopanga nani aingie na lini hupata zaidi kuliko kile kilichofunga tu na kufungua.

Hapo ndipo nafasi yako ilipo, mwanangu: kuwa mnunuzi na msambazaji wa pweza mzuri Dodoma. Na kila nilichokueleza hapo juu kina matumizi.

Kanuni za uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua na kuuza pweza wa chini ya gramu 500. Wizara inayozisimamia iko Mtumba, jirani yako kabisa, kwa hiyo kisingizio cha umbali huna. Nunua na mizani mkononi. Zaidi ya sheria, hesabu inakubeba: pweza wa robo kilo akipikwa husinyaa mpaka mteja anadhani umemdhulumu, ilhali angeachwa mwezi mmoja au miwili angekuwa mzigo wa maana. Ukiweza, nunua kwa kijiji kinachofunga mwamba wake, na ulizia tarehe za ufunguzi mapema. Siku hizo mzigo ni mwingi na wakubwa.

Fuata mwezi. Bamvua likiingia, pweza hujaa na bei ya pwani hulegea. Maji mafu yakifika, yaani siku ambazo bahari hupwa kidogo tu, pweza hupungua. Upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka wazamiaji hushindwa siku nyingi, kaskazi ikianza bahari hutulia. Mwenye friza hununua kwenye bamvua na kuuza kwenye maji mafu. Usiogope kugandisha: barafu hukata nyuzi za nyama ya pweza, akiyeyuka anaiva laini bila kupigwa mwambani. Ila asiyeyushwe na kugandishwa tena, na mnyororo wa baridi usikatike njiani. Zile kilomita 450 na ushee kutoka Dar es Salaam zinahitaji boksi zuri la barafu, si mfuko wa rambo kwenye buti la basi.

Kisha kuna ujanja ambao wewe sasa umeshaujua bila kufundishwa. Nimekwambia pweza huvimba akiwekwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Hata akiwa amekufa nyama yake hunyonya. Wapo wauzaji wanaomloweka kwenye maji baridi ili azidi uzito, na wewe unalipia maji kwa bei ya pweza. Mguse: aliyelowekwa amejaa kupita kiasi, ngozi inateleza na kubanduka, vikombe vya minyiri vimepauka na kulegea. Chukua mmoja wa majaribio, mwache atoe maji kwenye chujio, mpime tena mbele ya muuzaji. Mzuri ana ngozi iliyoshika, rangi ya kahawia iliyokoza, na harufu ya bahari tu. Jike anayelea mayai utamjua kwa wembamba na nyama teketeke. Huyo usimlipe bei ya wengine, na kama mchokoaji anakuletea wa aina hiyo mara kwa mara, mwambie kwamba humtaki. Akiachwa tunduni mpaka mayai yaanguliwe, bahari inapata maelfu ya watoto.

Ukisafirisha kwa biashara utahitaji leseni na vibali vya mazao ya uvuvi. Ofisa uvuvi wa wilaya unakonunulia atakupa utaratibu, na nenda kwake kabla ya kununua mzigo, si baada ya kusimamishwa kizuizini. Kuhusu sifa za supu kwa wanaume, ambazo najua ndizo zinazojaza mabenchi jioni, mimi nitakuahidi protini nzuri na mafuta kidogo, basi. Ukibandika tangazo la zaidi ya hayo, usinitaje.

Kisima chako usikifukie. Sato hustawi hata kwenye maji yenye gramu tano za chumvi kwa lita, kwa hiyo huenda umepata maji ya bwawa la tatu. Peleka sampuli maabara ya maji wakupimie chumvi jumla, ugumu wa maji, floraidi na amonia. Ukishapata karatasi, jaza bwawa kidogo kidogo ukichanganya na maji uliyozoea kwa wiki moja au mbili, na uanze na vifaranga wachache. Kiangazi pima chumvi kila wiki, na ikikaribia gramu kumi, punguza maji ya zamani uongeze mapya.